Plagi za Dhahabu za Bogonko

Hapakuwa na mtu katika soko la Homa Bay aliyewahi kumuuzia Bathsheba kitu bila kumwongezea kidogo juu. Akinunua nyanya fungu moja, anaondoka na fungu na mbili za ziada. Akinunua omena kwa kopo, anasimama palepale na kikapu wazi, kimya, mpaka muuzaji achote konzi nyingine kwa kusalimu amri. Hakuwa mchoyo, na wala hakuwa na njaa. Aliamini tu kwamba bei ni ya mwenye duka lakini nyongeza ni haki ya mnunuzi, na kwamba mtu akikunyima nyongeza amekwambia kwa adabu kuwa hakupendi.

Hata kwenye maombi hakuacha. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa afya, na kwa binti yao Mourine aliyekuwa akisoma shule ya bweni kule Rongo, kisha kabla ya amina ananyamaza kidogo na kusema, "Na kidogo juu, Baba." Wenzake wa kwaya walishamzoea. Walikuwa hawafumbui macho mpaka waisikie hiyo kidogo juu.

Mwaka huo wa tisini na nne, nyongeza aliyokuwa akiiomba kila asubuhi na kila jioni ilikuwa moja: mumewe asirudi shimoni.

Bogonko alikuwa amechimba dhahabu kwenye migodi ya Osiri kwa miaka tisa. Alishuka kwa kamba na nyundo ya ratili kumi na nne begani, akapanda mweupe kwa vumbi kama mtu aliyelala kwenye kinu cha unga. Kisha siku moja ukuta wa shimo ukateleza, ukamshika kiunoni tangu asubuhi mpaka saa kumi. Walipomfukua alitoka akichechemea na akatoa mzaha: kumbe kuzikwa ni kazi nyepesi, wewe unasimama tu. Watu wakacheka. Bathsheba hakucheka. Alimfunga mguu, akampa uji, akamwambia kwamba akishuka tena kwenye lile shimo, atamkuta mkewe ameshuka mbele yake.

Basi waliuza karibu dhahabu yote aliyokuwa nayo, wakanunua boti ya mbao na mota kuukuu ya nguvu za farasi ishirini na tano, wakahamia Homa Bay kubeba watu na mizigo kwenda visiwani. Boti waliiita Mbarikiwa. Bogonko alibakisha kipande kimoja tu cha dhahabu, punje ya ukubwa wa mahindi, akakiweka ndani ya kiberiti kwenye pamba. Alikuwa anakitunza tangu ujana wao, akitamani kumtengenezea mkewe hereni. Lakini Bathsheba alikuwa Msabato wa kuzaliwa, na Wasabato hawajipambi kwa dhahabu. Kila mwaka Bogonko alifungua kiberiti akamwonyesha, na kila mwaka Bathsheba akasema kinapendeza sana, kifunge.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mbarikiwa ilielea vizuri kabisa. Shida yake ilikuwa kwenda.

Mota iliwaka asubuhi kwa kelele ya kutia moyo, ikaondoka gatini kwa kishindo, moshi mweupe nyuma kama wa jiko la kuni mbichi. Baada ya saa moja ilianza kukohoa. Ilikuwa na silinda mbili, na kila silinda na plagi yake. Plagi moja ikifa, boti inachechemea kama mwenyewe. Ya pili ikifa, Bogonko anatoa kasia. Alipiga kasia mwaka mzima kiasi kwamba vijana wa gatini walimpa jina la Baba Kasia, na abiria wakaanza kumuuliza kabla ya kupanda: "Leo tunaenda na mota ama tunaenda na wewe?"

Alinunua plagi mpya. Zikafa. Akanunua nyingine. Mwisho mke na mume wakaenda pamoja kwa Mayaka.

Mayaka alikuwa fundi wa mota za boti, mzee mwenye kibanda nyuma ya mabanda ya samaki. Juu ya mlango alitundika plagi zilizokufa kwenye waya, mamia, zikigongana kila upepo wa ziwa ulipovuma. Zake Bogonko peke yake zilijaza waya mmoja. Mayaka alichukua moja, akaigeuzageuza mbele ya miwani yake iliyofungwa kwa uzi.

"Angalia hapa, kijana yangu," akasema, ingawa Bogonko alikuwa na miaka arobaini na mvi. "Hii nyeupe ni kauri. Kazi yake ni kuzuia umeme usitoroke. Hii ncha ni nikeli, ngumu. Ndani yake kuna moyo wa shaba. Shaba inakimbiza joto, ndiyo ncha isiungue. Sasa plagi mzuri iko katikati. Inapata moto wa kutosha kuchoma uchafu yake yenyewe, lakini si moto wa kujimaliza. Ukifungua ukute iko rangi ya chapati imeiva, shukuru Mungu. Ukikuta nyeupe, hiyo inaungua. Na ukikuta hii..." Alipitisha kidole kwenye ncha nyeusi iliyolowa, akakipangusa kwenye shati la Bogonko. "Hii ni sufuria ya matanga."

"Na ni mpya," Bogonko akalia. "Ni ya juzi!"

"Oili unachanganya namna gani?"

"Petroli lita ishirini na tano, oili nusu lita. Vile tu ulinifundisha."

"Hakuna zaidi?"

"Hakuna."

Bathsheba naye akatikisa kichwa kwa moyo safi. Kazi ya kununua mafuta ilikuwa yake, kwa sababu Bogonko alikuwa mtu wa kulipa bei ya kwanza anayotajiwa, na nusu lita ndiyo waliyokuwa wakinunua siku zote. Nyongeza haihesabiwi. Ndiyo maana inaitwa nyongeza.

"Basi ni plagi," Mayaka akasema, akikuna shingo, mtu asiyeridhika na jibu lake. "Kuna zingine hutoka ng'ambo, ncha yake ni platini. Nyembamba hivi kama sindano, cheche yake kali, na inakaa miaka. Lakini hiyo ni madini ya bei kama dhahabu, huku kwetu hupati."

Mzee aliendelea. Alieleza kwamba platini inavumilia moto mkali, kwamba si kila madini yenye bei yanavumilia, na kwamba hata hiyo platini ukiimwagia uchafu itachafuka tu. Bathsheba alisikia yote. Bogonko alikuwa ameshaacha kusikiliza pale kwenye neno dhahabu.

Siku chache baadaye alisema anaenda Migori kumwona rafiki. Alirudi kesho yake jioni akitabasamu mpaka magego, akamketisha mkewe kwenye kigoda, akafungua kile kiberiti. Ndani ya pamba hapakuwa tena na punje. Palikuwa na plagi mbili, kila moja na tone la dhahabu kwenye ncha, zimesuguliwa zikang'aa.

Rafiki mwenyewe alikuwa Nyamhanga, sonara Mkuria aliyemjua tangu siku za Osiri. Nyamhanga alikuwa ametengeneza pete, vipuli, na jino moja la chifu. Plagi hakuwahi. Lakini hakuona ugumu. Alizishika kwa koleo, akazibandika dhahabu kwa risasi ya fedha, ile ya kulehemu, kama anavyobandika kito kwenye pete.

"Dhahabu haishiki kutu," Bogonko akaeleza, mikono ikicheza. "Nimeitoa kwa matope, nimeitoa kwa maji chafu, miaka tisa, sijawahi kuona dhahabu imeoza. Masizi itaishika wapi?" Kisha sauti ikashuka. "Na wewe hukutaka kuvaa, Mama Mourine. Nikasema basi, angalau mota ivae."

Bathsheba alikuwa na maneno mengi tayari mdomoni. Yote yakayeyuka. Mtu huyu alikuwa na kitu kimoja tu cha thamani duniani, alichokitunza kwa ajili yake miaka yote, na sasa alikuwa amekipachika kwenye mota ili asilazimike kumwacha. Alizishika zile plagi kama mtu anayeshika vifaranga.

"Zinapendeza sana," akasema. Safari hii hakumwambia afunge.

Wakati huo makambi ya kanisa yalikuwa yamekaribia. Wasabato wa visiwani walikuwa wanakusanyika Mfangano, na kwaya ya Homa Bay, watu kumi na sita na rundo la mizigo yao, ilikuwa imealikwa kuimba ibada ya kufungua Sabato, Ijumaa jua likizama. Bathsheba alikuwa amepigana kwenye kikao mpaka wakakubali kusafiri na Mbarikiwa badala ya boti nyingine. Mzee wa kanisa, Ombui, alikubali kwa shingo upande.

"Lakini ijulikane," Ombui akasema mbele ya wote. "Sabato inaingia na jua. Jua likizama, spana inalala. Kama boti itakuwa katikati ya maji, itakaa katikati ya maji mpaka kesho jioni, na sisi ndani yake, tukiimba."

Alhamisi Bathsheba alimkuta mumewe uani akifunga nyundo yake ya Osiri kwenye gunia. Hakujificha.

"Naipeleka kwa boti, kesho isiachwe nyuma," akasema, macho chini. "Kwaya ikikwama, hakuna mtu atapanda Mbarikiwa tena. Boti isiyobeba watu ni kuni. Basi Jumatatu nauzia mtu kuni hukohuko Mfangano, narudi Osiri bila kupitia nyumbani. Mourine ako na mihula minne bado."

 Usiku Bathsheba aliomba sana, na kidogo juu.

Ijumaa asubuhi alisukuma mkokoteni wenye mitungi miwili ya petroli kutoka kituoni mpaka kwa Helen. Helen aliuza oili kwenye pipa kando ya gati, mwanamke wa Mfangano mwenye mikono minene na kicheko kinachofika ng'ambo, na katika watu wote wa Homa Bay hakuna aliyempenda Bathsheba kumzidi yeye.

"Nyaminwa!" akaita. Dada yangu. "Leo mnaenda kwetu! Leta mtungi."

Alichota nusu lita kwa kopo lake, akaimimina kwenye mtungi wa kwanza. Bathsheba akasimama, kimya, mfuniko mkononi. Helen akacheka, akachota tena, akamimina tena kopo karibu lijae.

"Hiyo ni ya mtu wa nyumbani. Wengine nawapea matone. Wewe, tangu uanze kununua kwangu, nakuongeza kila wiki. Acha mota inenepe!"

"Kuomba si dhambi," Bathsheba akasema, ameridhika. Mtungi wa pili ulibaki petroli tupu, kwa sababu Mayaka aliwafundisha kwamba mchanganyo unafaa ufanywe ukitumiwa. Oili yake Helen akaitia kwenye chupa kubwa ya soda, akaijaza mpaka shingoni.

Walitakiwa kuondoka saa sita. Waliondoka saa nane, maana Risper, sauti ya kwanza wa kwaya, alirudi nyumbani mara mbili kufuata mswaki, na Ombui aliomba dua ya safari iliyopitia manabii karibu wote. Bogonko alizifunga plagi za dhahabu kwa mikono yake, mbele ya gati nzima. Habari zilikuwa zimeshaenea. Vijana walipanda juu ya mitumbwi ili waone.

"Baba Kasia ameoa mara ya pili!" mmoja akapiga kelele. "Ameoa mota, ameilipia mahari ya dhahabu!"

Bogonko alivuta kamba mara moja. Mota ikanguruma kwa sauti ambayo Bathsheba hakuwahi kuisikia kwayo, safi, ya kiburi. Gati likashangilia. Kwaya ikaanza kuimba kabla hata hawajaondoa kamba. Bogonko akasimama nyuma ya boti kifua mbele, kofia imeinuliwa kidogo, mlima wa Homa ukirudi nyuma yake, na Bathsheba akamtazama akafikiri kwamba hajawahi kumwona mzuri hivi, hata siku ya harusi.

Kwa saa nzima walikwenda hivyo. Halafu mota ikakohoa.

Kwanza mara moja, kwa aibu. Halafu mara mbili. Halafu ikaanza kuchechemea, na mwimbo nao ukachechemea.  Bogonko alipunguza moto, akaongeza, akapunguza. Kisiwa cha Rusinga kilikuwa kinaonekana mbele, na nyuma ya Rusinga ndiko Mfangano. Saa kumi kamili, mota ikatoa pumzi moja ndefu ya moshi mweupe, ikanyamaza.

Maji yakasikika yakipiga ubao.

"Jua liko pale," Ombui akasema, akalionyesha kwa kidole, kama vile kuna mtu alikuwa halijui lilipo.

Bogonko alikuwa ameshika kasia tayari. Kwa kasia wangefika Mfangano Jumapili. Alilishika tu, akiangalia lile gunia la nyundo miguuni pake, na uso wake ulikuwa uleule wa siku aliyofukuliwa, isipokuwa sasa hakuwa na mzaha wa kutoa. Hilo ndilo Bathsheba hakuweza kulivumilia.

"Nipe spana," akasema.

"Mama Mourine, hata Mayaka..."

"Nipe spana, Baba Mourine. Kupika najua. Kitu kikiungua nitajua kimeungulia wapi."

Alifungua plagi ya kwanza, ikamwunguza vidole, akaipokea kwa leso. Ncha ilikuwa nyeusi na imelowa. Ile dhahabu ilikuwa imeteleza kutoka mahali pake. Risasi ya Nyamhanga haikuuvumilia moto wa injini, na tone zima lilikuwa limelala katikati ya nafasi ambapo cheche hurukia, limeiziba. Alifungua ya pili. Nyeusi vilevile, na dhahabu haikuwepo kabisa. Ilikuwa imetoka na moshi.

"Ziwa limepata nyongeza," Risper akasema kwa sauti ndogo, na watu wawili wakacheka kwa woga.

Bathsheba hakucheka. Alilibandua lile tone kwa ukucha, akalikwaruza. Chini ya weusi likang'aa, njano, safi kabisa, kama siku lilipotoka Osiri. Akalitazama muda mrefu. Dhahabu haikuwa imeoza. Bogonko hakusema uongo. Ilikuwa imepakwa. Akakumbuka taa ya chemni ya mama yake mzazi, jinsi kioo kilivyojaa masizi utambi ukipandishwa sana. Mama hakuwahi kwenda kununua kioo kingine. Aliteremsha utambi.

Basi kama dhahabu yenyewe imetoka nyeusi, kosa halikuwa la nikeli, wala la shaba, wala la kauri. Plagi hizi zote, waya mzima pale kwa Mayaka, zilikuwa zinalishwa kitu kilichozidi. Na nani alikuwa anazilisha?

Akageuka akaiona ile chupa ya soda imejaa mpaka shingoni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Bathsheba alisikia masikio yake yakipata moto. Konzi kwa konzi, kopo kwa kopo, wiki baada ya wiki, mapenzi ya Helen yalikuwa yanaingia kwenye ile mota, na kila Helen alivyozidi kumpenda ndivyo mumewe alivyozidi kupiga kasia. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa kinamwagika.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni plagi, na hakuna mtu angejua mpaka leo. Lakini alimwona Bogonko na lile kasia.

"Ni mimi," akasema.

Boti nzima ikamgeukia.

"Mayaka alisema nusu lita. Sisi tunalipia nusu lita. Lakini Helen ananiongeza. Mimi namsimamia mpaka aniongeze. Sasa hivi nyongeza imefika karibu nusu lita ingine. Mota inakunywa mara mbili. Haiwezi kuchoma yote, inatapika kwa plagi." Alikuwa analia na anacheka, hakujua kipi kinaongoza. "Baba Mourine, mwaka mzima umepiga kasia kwa sababu ya nyongeza yangu. Nisamehe."

 Kisha kitu kikaanza nyuma ya boti, sauti kama ya mota inayotaka kuwaka. Ilikuwa ni Bogonko. Alicheka mpaka akakaa chini, kasia likamponyoka, akashika tumbo. Halafu Risper, halafu safu yote ya sauti ya pili, na mwisho Mzee Ombui mwenyewe, ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, akacheka akajifuta macho kwa tai.

"Mimi naenda kuchimba Osiri," Bogonko akasema akivuta pumzi, "na shimo liko kwa kikapu ya bibi yangu!"

"Jua!" Ombui akakumbuka, na kicheko kikageuka kazi.

Ndani ya kopo la vifaa zilikuwamo plagi mbili za zamani, za nikeli za kawaida, nyeusi lakini nzima. Bathsheba alizilowesha kwenye petroli tupu. Risper alitazama mswaki wake, ule aliourudia nyumbani mara mbili, akaupiga busu la kwaheri na kuutoa. Wanawake wa sauti ya pili walichomoa pini kwenye utepe wa sare zao, na kwa pini hizo Bathsheba akachokoa masizi kuzunguka kauri, taratibu, mpaka weupe ukaonekana. Wakati huo Bogonko alipima tangi kwa kijiti; lilikuwa limebaki nusu. Akalijaza petroli tupu kutoka mtungi wa pili, bila tone la oili, ili kilichozidi kigawanyike.

"Na kwa mtungi tunatia ngapi?" akauliza, ameshika ile chupa.

"Uliobaki ni nusu mtungi. Basi robo lita. Funika chupa."

"Na kidogo juu?"

"Bogonko, funika chupa!"

Plagi zikarudi mahali pake. Kamba ikavutwa mara moja, kimya. Mara mbili, kikohozi. Mara ya tatu mota ikawaka, ikatema moshi mzito wa mwisho, kisha moshi ukapungua, ukapungua, mpaka nyuma yao yakabaki maji meupe tu. Haikunguruma kwa kiburi kama pale gatini. Ilivuma sawasawa, sauti ya kitu kilichoshiba bila kuvimbiwa. Hakuna aliyeimba kwa dakika kumi nzima. Wote walikuwa wanaisikiliza.

Waliizunguka Rusinga. Mfangano ikapanda kutoka majini, kwanza kilele, halafu miti, halafu mabati ya nyumba yakimeta. Jua liliteremka nao, na Ombui alilipima kwa vidole kila baada ya muda: vidole vinne, vidole vitatu, viwili. Kwaya ikaanza kuimba ilipokuwa bado mbali, na kutoka ufukweni sauti nyingine zikaitikia, watu wa makambi wamejaa mpaka kwenye maji, wakipunga vitambaa.

Kilipobaki kidole kimoja, Bogonko alizima mota, Mbarikiwa ikateleza yenyewe kuelekea ufukweni. Akafungua mota haraka, akachomoa plagi moja, akamletea mkewe mkononi. Ilikuwa kahawia. Rangi ya chapati imeiva.

Bathsheba aliishika ikiwa bado ya moto, na hakuiachia. Kwenye leso alikuwa amefunga fundo, na ndani ya fundo lile tone la dhahabu lililosalia. Mwezi uliofuata Nyamhanga angelipima na kulinunua, na wao wangepata plagi za nikeli za kutosha miaka mitatu. Lakini hilo halikuwa mawazoni mwake.

"Nanga iko wapi?" Ombui akauliza. "Tunapita!"

Bogonko alitazama huku na huku. Nanga ilikuwa imesahaulika Homa Bay katika zile shangwe zote. Akainama, akafungua gunia, akaitoa ile nyundo ya Osiri, ratili kumi na nne za chuma. Alifunga kamba ya boti kwenye mpini kwa fundo la wachimbaji, lile lisilofunguka, akaikagua mara moja, akamtazama mkewe, na kuitupa. Ilizama moja kwa moja. Kamba ikakaza, Mbarikiwa ikatulia.

Sehemu ya mwisho ya jua ilikuwa bado juu ya maji. Mzee Ombui akasimama, akavua kofia, akasema kwamba kabla ya kushuka dada Bathsheba atashukuru. Wote wakainamisha vichwa, wa botini na wa ufukweni.

Bathsheba alishukuru kwa safari. Alishukuru kwa mswaki wa Risper na kwa pini za sauti ya pili. Alishukuru kwa Helen, ambaye alipenda kwa mkono mzito. Alimshukuru Mungu kwa mume wake, akamtaja kwa jina lake lote. Kisha akanyamaza, kama kawaida yake, na kwaya yote ikangoja kidogo juu.

Alifumbua macho akaiangalia ile kamba ilivyokaza ndani ya maji.

"Inatosha, Baba," akasema. "Amina."

Wengine wakabaki wamefumba macho, wakingoja.